Shingo ya Bi Geuka

Kisiwa chetu ukikizunguka kwa miguu asubuhi, chai ya saa nne unainywa palepale ulipoanzia. Nusu yake ni nyumba za watu. Nusu nyingine ni jumba la kale na bustani yake, na ndani ya bustani hiyo kuna sanamu arobaini na moja ambazo mimi ndiye ninayeziogesha. Sabuni hapana. Maji matupu, brashi ya nywele laini, na kitambaa kilichofuliwa mpaka kikachoka. Za mawe naanza nazo Jumatatu, za shaba namalizia Ijumaa kwa nta kidogo, kama mtu anayepaka mkate siagi ya mwisho kwenye kopo. Kazi hii nilifundishwa na shangazi yangu, aliyeifanya miaka thelathini mpaka magoti yakamgomea.

Wageni wanaoshuka kwenye boti hawaji kuona sanamu arobaini na moja. Wanakuja kuona moja tu, na hiyo inaitwa Bi Geuka.

Bi Geuka amesimama kwenye ncha ya bustani. Ni mwanamke wa jiwe jeupe, mrefu kuliko mlango, amejitanda shuka la jiwe kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo. Kifua chake kinaelekea majini. Uso wake unaelekea jumba. Na si kwamba amegeuka kidogo, kama mimi na wewe tunavyogeuka tukiitwa. Amegeuka mzimamzima, kidevu kimekaa juu ya uti wa mgongo kama cha bundi.

Mtembeza wageni wetu, ambaye sote tunamwita Redio kwa sababu hazimwi, huwapanga wageni nusu duara na kushusha sauti. "Miguu inaondoka," huwaambia, "lakini moyo umekataa. Aliyempenda amebaki ndani ya jumba. Ndugu zangu, nani kati yetu hajawahi kuacha mtu nyuma?" Husema hivyo saa tano na saa tisa, kila siku isipokuwa Ijumaa. Kuna wanaolia. Mimi huwa pembeni na ndoo yangu, nasubiri wamalize kulia nimwoshe masikio.

Ukweli ni kwamba kichwa kile kimewekwa nyuma mbele, na waliokiweka ni shangazi yangu na fundi mmoja mwashi, miaka kumi na moja iliyopita.

Sikuwepo, nilikuwa darasa la sita ng'ambo ya maji. Lakini nimehadithiwa mara nyingi mno, nikifumba macho naona.

Miezi ya upepo, mchanga wa ufukweni huruka na kukwaruza mawe. Ukikwaruza miaka kumi, pua inabaki kipele. Kwa hiyo kila mwaka sanamu tunazivisha magunia, kichwa gunia lake na mwili gunia lake, tunafunga kamba kiunoni, na hazivuliwi mpaka upepo utulie. Shangazi ana sheria moja isiyovunjwa: fundo linakaa mgongoni. Ukikutana na gunia limesimama, unajua uso wake uko wapi na unaweza kupita mbele yake kwa adabu.

Mwaka ule wiki ya kuvisha magunia ilimkuta shangazi kitandani na homa. Safu ya mwisho ikavishwa na mtunza maua, mzee aliyeitwa Babu Mkasi, ambaye siku hizi amehamia kwa binti yake. Babu Mkasi alizifunga sanamu kama anavyojifunga taulo akitoka kuoga, fundo mbele, chini ya kitovu. Hakumwambia mtu. Angesema nini, kila mtu si anafunga taulo hivyo?

Siku ya nne tawi likaanguka, na kichwa cha yule mwanamke wa ncha kikaenda chini pamoja na gunia lake. Hakikuvunjika hata pua. Shangazi, homa yake ikiwa imemtoka kwa mshtuko, akakimbia kumfuata Fundi.

Fundi ni mwashi wa kuta na visima, alikuwa rafiki wa marehemu mume wa shangazi, ndiyo maana wanaitana shemeji hadi leo. Alikuwa hajawahi kuingia bustanini. Na saa zilikuwa chache. Mwenye jumba alikuwa hai wakati ule, mjane aliyeishi ghorofani peke yake, wafanyakazi wakimwita Bibi wa Juu. Dirisha lake linatazama ile ncha moja kwa moja. Alikuwa akilala baada ya chakula cha mchana, saa nane mpaka saa kumi, na ilibidi shangazi akae naye chumbani asije akaamka na kusogea dirishani.

"Uso niuelekeze wapi, shemeji?" Fundi aliuliza.

Shangazi angetaja bahari, lakini pale kwenye ncha bahari iko pande tatu. Akasema, "Tazama fundo. Fundo ndio mgongo. Uso weka upande wa pili." Akapanda ngazi mbio.

Fundi akatazama fundo. Akafanya kazi ile chini ya turubai kwa saa mbili, vizuri kuliko kazi yoyote ya maisha yake.

Wiki tano baadaye upepo ulitulia. Shangazi alivua gunia la kichwa, akafurahi. Akavua la mwili. Anasema kwa dakika nzima alidhani wamesimama watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake.

Asubuhi hiyohiyo Bibi wa Juu akamwita. Shangazi alifunga nguo zake kwenye mfuko kwanza, ndipo akapanda. Alimkuta mzee yule dirishani, amevaa miwani zote mbili, ya karibu na ya mbali.

"Nani amemwambia anitazame?" Bibi wa Juu aliuliza.

Shangazi akaanza kulia.

"Nyamaza, nakuuliza kwa wema. Huyu mwanamke alinunuliwa na mume wangu wiki tuliyogombana. Akamsimamisha pale makusudi, amenipa mgongo, kila nikifungua dirisha nione mgongo. Miaka hamsini na mbili. Mume amekufa, mgongo ukabaki." Akafuta miwani ya juu. "Kumbe ana sura nzuri. Mwacheni hivyohivyo."

Shangazi akashuka na siri yake, akarudisha nguo kabatini. Bibi wa Juu alipofariki, jumba likachukuliwa na kamati, kamati ikamwajiri Redio, Redio akakuta mwanamke anatazama nyuma, na mengine unayajua. Fundi naye akaapishwa kunyamaza. Siri ikabaki ya watu watatu, wa tatu ni mimi.

Sasa nieleze kwa nini mwaka huu siri ile ilitaka kututoa roho.

Shangazi anaishi katika nyumba ya geti, vyumba viwili na kibaraza, na nyumba ile ni ya mfanyakazi. Magoti yalipomgomea kabisa, kazi nikaachiwa mimi, na mimi nina chumba changu kwa wapishi. Yeye hana pengine pa kwenda. Kaka zake wote wako ng'ambo, wana wake zao, na shangazi na wake za kaka zake huwaweki chumba kimoja ukaenda kulala usingizi. Aliomba kamati imwachie nyumba ile maisha yake yote.

Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mkuu mstaafu. Anampenda Bi Geuka kama vile alimzaa. Amemweka kwenye barua za kamati, kwenye muhuri, na kwenye tai yake, amemtarizi kwa uzi mweupe. Aliposoma ombi la shangazi alisema mbele yetu sote, "Mtu aliyemtunza Bi Geuka miaka thelathini bila hata mkwaruzo, huyo anastahili nyumba. Alhamisi tutakaa, tutapitisha."

Bila hata mkwaruzo. Shangazi aliitikia kwa kichwa mpaka nikaogopa shingo ya kwake.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo akashuka kwenye boti mtaalamu, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana, ametumwa kuandika kitabu kikubwa cha sanamu za bustani yetu. Katika mfuko wa shati alikuwa na rula nne za urefu tofauti. Kabla ya saa sita jikoni walishampa jina, Mama Rula. Mwenyekiti akafurahi: Alhamisi kamati itakaa bustanini kwenyewe, mbele ya Bi Geuka, mtaalamu atoe taarifa yake, kisha nyumba ipitishwe, kisha chai.

Mimi nikapewa kazi ya kumshikia ngazi.

"Mzungushe," shangazi aliniambia jioni, akijikanda goti. "Aanzie mbali. Akifika shingoni, Alhamisi iwe imepita."

"Nimzungushe vipi, shangazi?"

"Wewe huwezi haraka hata ukitaka. Kuwa wewe tu."

Nikawa mimi. Nilimpeleka kwanza kwenye simba wa ukuta wa kaskazini, ambaye sisi tunamwita Paka wa Jirani. Nikamwosha simba mbele yake, unyayo kwa unyayo, kisha nikasubiri akauke. Kisha nikamwosha tena kwa sababu ndege alipita. Mama Rula hakukasirika. Alikaa kwenye jiwe akala chungwa, akanipa nusu. Alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lililonitesa.

"Mkia huu," alisema akiupapasa, "nakadiria miaka mia tatu. Tazama ulivyochongwa kwa mapigo marefu."

Nilishika ngazi nikatazama ulivyochongwa. Ule mkia ni mguu wa kitanda. Kitanda chenyewe kiko stoo, kimeegemezwa kwenye tofali tatu upande mmoja. Lakini sikuulizwa, nami nimelelewa kutojibu nisichoulizwa.

Jumanne tulikwenda kwa yule bwana wa shaba mwenye mkono sikioni, Mpiga Simu, kisha kwa mtoto mnene aliyekumbatia samaki. Mama Rula alipima, akaandika, akaandika, akapima. Redio alipita na wageni wake, akatuona tuko palepale tulipokuwa asubuhi.

"Taratibu," akaniambia, kwani hilo ndilo jina alilonipa, "mnamsubiri samaki afe ndio mhame?"

"Tunampima."

"Na ukimaliza kumpima samaki nipime na mimi, pengine nimepungua."

Jumatano nikaishiwa. Nilimwambia Mama Rula kuna nyuki upande wa ncha. Akasema anapenda nyuki. Nikamwambia ngazi imelegea. Akatoa bisibisi kwenye mkoba wake, akaikaza. Saa nane mchana alikuwa juu ya ngazi, ameweka tochi mdomoni na rula ndogo kuliko zote kwenye shingo ya Bi Geuka, na mimi chini nimeshika ngazi kwa mikono miwili.

Alikaa juu saa nzima. Kisha akashuka. Alifunga daftari lake polepole, akanishukuru, akaenda kulala bila chakula.

Shangazi naye hakula. Alishusha mfuko wake wa nguo kutoka juu ya kabati, ule wa zamani, akaupangusa vumbi. Nikamwambia bado hatujui atasema nini. Akasema, "Mtu akikaa saa nzima kwenye shingo ya mwenzake, kuna alichokiona."

Kitu cha mwisho alichofanya ni kumtumia Fundi ujumbe: kesho usitie mguu bustanini. Fundi akajibu kwamba ana mafua makali, hata kama angetaka asingeweza.

Alhamisi saa nne kamati ilikuwa imepangwa kwenye viti mbele ya Bi Geuka. Mwenyekiti na tai yake, katibu na kitabu cha mihtasari, na wajumbe wawili ambao kazi yao kubwa ni kukubaliana na chai. Shangazi alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, amevaa gauni lake la harusi za watu. Redio alisimama nyuma. Mimi nilishika ngazi, ingawa hakuna aliyekuwa juu yake.

Na Fundi akatokea. Alikuja kutoka upande wa kisima, amejifunga skafu hadi masikioni, pua nyekundu, akasimama kando ya ua wa miti iliyokatwa. Shangazi akamtolea macho. Fundi akatazama angani. Mtu akisikia kazi ya mikono yake inakwenda kujadiliwa na mtaalamu aliyesoma, unadhani atakaa nyumbani anywe maji moto?

Mama Rula akasimama. "Mwenyekiti," akasema, "lazima niseme wazi. Shingo hii iliwahi kuvunjika."

Mwenyekiti akashika tai. Katibu akaacha kuandika. Nilimsikia shangazi akipumua ndani, na sikumsikia akipumua nje.

"Iliwahi kuvunjika, na ikaunganishwa," Mama Rula akaendelea, "na ndiyo maana usiku sikupata usingizi. Nimekagua maungio katika bustani nyingi. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Rangi ya kiungo na rangi ya jiwe huwezi kuzitenganisha hata kwa kioo cha kukuza. Ukipitisha ukucha haukwami. Huu ni mkono wa bingwa, tena wa zamani sana. Nakadiria miaka mia na zaidi. Mafundi wa namna hii hawapo tena. Walikufa na siri yao."

Mwenyekiti akaachia tai, uso ukamchanua. Miaka mia; basi haikuwa zamu ya shangazi. Shangazi akapumua nje. Kwa muda unaotosha kumenya yai, nyumba ya geti ilikuwa yetu.

Lakini mimi kazi yangu ni kutazama nyuso zisizosogea, kwa hiyo inayosogea naiona mapema. Nilimtazama Fundi. Aliposikia neno bingwa, masikio yake yalipanda juu ya skafu. Aliposikia ukucha haukwami, akafumba macho kama mtu anayeimbiwa. Aliposikia walikufa, akayafumbua.

"Hajafa," akasema. "Ana mafua tu."

Kila mtu akageuka. Fundi akapiga chafya, kama kuthibitisha.

"Shemeji," shangazi akasema kwa sauti tamu ambayo sijaisikia kabla wala baada, "hiyo dawa ya mafua umekunywa vijiko vingapi?"

"Sijanywa dawa. Shemeji, nisamehe. Miaka kumi na moja nimenyamaza. Watu wanakuja na boti, wanampiga picha, wanalia, na mimi napita na toroli langu la mchanga hakuna hata wa kuniambia hongera. Leo nasifiwa kwa mara ya kwanza, halafu ninasifiwa nikiwa marehemu."

Mama Rula alimsogelea. Hakukasirika, alimtazama kama alivyokuwa akitazama mawe. "Kama ni kazi yako, ndani ya shingo kuna nini?"

"Nondo ya unene wa kidole, urefu wa shibiri, nimeipaka rangi mara mbili isishike kutu."

"Na ile rangi ya kiungo umeipataje?"

"Simenti nyeupe na unga wa jiwe. Nilisaga sinki."

"Sinki gani?" Mwenyekiti akauliza.

Fundi akaona kwamba ameingia mahali pembamba. "La bafu la wageni," akasema.

"Lile ambalo taarifa ilisema limepasuka lenyewe kwa baridi?"

Hapo hapakuwa na pa kurudi. Shangazi akasimama, magoti na yote, akaeleza: homa, Babu Mkasi, taulo, fundo, bahari pande tatu. Akaeleza na habari ya Bibi wa Juu dirishani na miwani zake mbili. Alieleza haraka, kama anavyosema siku zote, maneno yakikanyagana, ikaisha kabla katibu hajapata ukurasa mweupe. Mmoja wa wajumbe wa chai alianza kucheka, akamwona Mwenyekiti, akaugeuza kikohozi.

Mwenyekiti alivua tai. Aliiangalia, akaikunja, akaitia mfukoni. "Kwa hiyo hatazami alikotoka," akasema.

"Hapana, mwalimu."

"Wala hajaacha mpenzi."

Redio akatazama viatu vyake.

"Basi kichwa kirudishwe mbele."

"Hakitoki," Fundi akasema, na huzuni haikuwemo. "Mtaalamu ameshasema mwenyewe, kazi haina mfano. Ukivuta kichwa, utaondoka na mabega."

Mwenyekiti akamtazama Bi Geuka kuanzia nyayo hadi kidevu. Alikuwa mtu aliyeadhibu watoto miaka arobaini na alijua kutofanya haraka. Kisha akamgeukia shangazi, na sasa alimwita kwa cheo, hakumwita mama kama siku zote. "Mtunza sanamu mstaafu. Nilisema bila mkwaruzo. Nilisema mbele ya watu. Kamati haiwezi kumpa nyumba mtu aliyeificha kamati jambo kama hili. Mwisho wa mwezi utakabidhi ufunguo. Katibu, andika."

Shangazi hakubisha. Alikaa tena, akaweka mikono mapajani palepale ilipokuwa. Hilo ndilo lililonishinda. Shangazi yangu anabishana na mvua. Nikimwona hajibu, najua ameumia mahali ambapo mimi siwezi kumkanda.

Sijawahi kusema kitu kwenye kikao. Niliachia ngazi.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza," nikasema. "Shangazi akishaondoka, huyu mama mtaalamu ataambiwa na nani habari za zile nyingine?"

"Zipi nyingine?"

Nikatazama upande wa ukuta wa kaskazini, kwa simba.

"Msimsikilize," shangazi akasema. "Mtoto huyu hakulala vizuri."

Mama Rula alikuwa ameshafungua daftari. "Nyingine ngapi?" akauliza, akimtazama shangazi.

Shangazi akamtazama Mwenyekiti, akanitazama mimi, na nikaona kitu kinamfika, polepole, kama maji yanavyofika ukiyamimina kwenye udongo mkavu. "Ngapi," akasema. "Ngapi, mama, ndilo swali gumu. Tuanzie wapi? Kuna zilizovunjika wakati wangu, kuna zilizovunjika kabla yangu nikahadithiwa na aliyenitangulia, naye ni marehemu kweli, huyu hana mafua. Kuna zilizobadilishana vidole. Yule simba uliyempima Jumatatu, ule mkia…"

"Miaka mia tatu," Mama Rula akasema kwa sauti ndogo.

"Ni mguu wa kitanda, mwanangu."

Mama Rula akarudi nyuma kwenye daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa, siku tatu za kupima. Kisha akamgeukia Mwenyekiti. Alisema kitabu kilishatangazwa, na jina la Mwenyekiti limo ndani pamoja na shukrani. Alisema kinaweza kutoka hivyohivyo, na siku mtu mwingine mwenye rula akija kugundua mguu wa kitanda, kamati itachekwa mpaka ng'ambo. Au kinaweza kutoka kikiwa na kweli, na kweli yote iko ndani ya kichwa cha mama huyu, anayetakiwa kukabidhi ufunguo mwisho wa mwezi.

"Atahitaji muda gani kukueleza?" Mwenyekiti akauliza.

"Mpaka amalize."

Wajumbe wa chai wakasema ni sawa. Mwenyekiti alijikuna mahali tai ilipokuwa, akasema basi. Nilimwona katibu akiandika kwa macho yangu, ingawa nilisoma maandishi yakiwa juu chini: atabaki katika nyumba ya geti mpaka atakapomaliza kumweleza mtaalamu habari za sanamu zote. Wakapiga muhuri. Muhuri wenyewe ulikuwa na Bi Geuka, lakini hawakuwa na mwingine.

Redio akauliza awaambie nini wageni wa saa tano. Mwenyekiti akamjibu asiseme chochote mpaka kamati ikae. Redio hawezi kutosema chochote, kwa hiyo tangu siku ile huwapanga wageni nusu duara, hushusha sauti, na kuwaambia kwamba kuhusu mwanamke huyu kuna jambo zito na kamati inakaa. Wanaolia wamepungua kidogo. Wanaorudi mara ya pili wameongezeka.

Huu ni mwezi wa saba tangu kikao kile. Mama Rula amepanga chumba kijijini, anakuja kila Jumanne, anakaa kwenye kibaraza cha shangazi na daftari, na wako kwenye sanamu ya nne.

Shangazi yangu, aliyekuwa akisema mpaka maneno yanakanyagana, amekuwa mtu wa kuvuta maneno. "Siku ile," huanza, "hapana, haikuwa siku, ilikuwa asubuhi. Ngoja nikumbuke nilivaa nini." Anakumbuka alivaa nini. Kisha anakumbuka gauni lile lilishonwa na nani, na huyo mshonaji aliolewa na nani, na chai inapoa, inapashwa tena. Wako kwa Mpiga Simu, kwenye mkono wa sikioni, uliong'oka zamani mpira wa watoto ulipompiga. Habari hiyo mimi nilisimuliwa mara moja, shangazi akiwa anafunga viatu, na alipofunga cha pili ilikuwa imekwisha.

Jumanne iliyopita nilimsindikiza Mama Rula kijijini.

"Binti," akasema tulipofika, "shangazi yako siku zote husimulia hivi?"

"Umri, mama," nikasema.

Akanitazama chini ya ile kofia. "Walionituma wananiuliza kitabu kitaisha lini," akasema. "Nimewajibu kwamba sanamu ni nyingi na hewa ya huku ni nzuri." Akaweka rula zake sawa mfukoni, akaenda zake dukani kununua machungwa.

Nilirudi nikamkuta shangazi kibarazani, ameinua mkono wake mwenyewe na kuuweka sikioni, anavitazama vidole kwa pembe ya jicho.

"Wiki ijayo nimpe kidole kipi?" akaniuliza.

"Cha shahada."

"Chote?"

Nilifikiri. Zimebaki sanamu thelathini na saba, na shangazi ana miaka sitini na mitatu, na kwetu watu wanaishi sana.

"Mpe kucha," nikasema.